Semei Kakungulu: Mtu Aliyetaka Kulitenda Neno

Safari hii tunawaletea maisha ya mtu wa mashariki mwa nchi hii iliyotupokea. Hakumaliza mwendo wake katika kanisa, lakini anatufundisha sisi tunaobeba Biblia kila Jumapili.

Semei Kakungulu alizaliwa Koki, yapata mwaka 1868. Alihamia Buganda, akawa mwindaji wa tembo na mkuu wa vita. Katika miaka ya 1880 mmisionari wa Kiprotestanti alimfundisha kusoma Maandiko kwa Kiswahili, lugha yetu hii hii.

Mwaka 1899 alishiriki kuwakamata wafalme Mwanga na Kabarega. Kisha aliteka nchi za mashariki kwa upanga, akitumaini Waingereza watamfanya mfalme. Hawakukubali. Mwaka 1902 walimwondoa katika ngome yake ya Budaka, wakampa maili za mraba 20 pale Mbale. Alikata barabara, akapanda migomba, na mji ukaanza. Mwaka 1906 alipelekwa Jinja kuongoza baraza la Busoga, na mwaka 1913 akarudi Mbale.

Huko alizidi kuyachunguza Maandiko. Alijiunga na kanisa la Malaki, lililokataza waumini kutumia dawa za hospitali. Mwaka 1919 alisoma agizo la tohara alilopewa Abrahamu, akatahiriwa pamoja na wanawe. Wenzake walipomwambia hiyo ni desturi ya Wayahudi, alikubali kuwa Myahudi. Mwaka 1922 alitoa kitabu cha sala na maagizo kwa ajili ya watu wake. Alifariki Novemba 1928. Watu wake, Abayudaya, wangali wanaishi karibu na Mbale, ingawa Idi Amin aliwapiga marufuku katika miaka ya 1970.

Ndugu zetu, tunajifunza mambo mawili. La kwanza, Kakungulu hakusoma ili ajue tu. Alipoona agizo, alilitenda, hata likimgharimu cheo na marafiki. Sisi tunajua mistari mingi, lakini posho ikigawiwa tunaandikisha majina ya watu wasiokuwepo.

La pili, bidii bila kuyapima Maandiko yote ni hatari. Kukataa dawa kulitokana na mistari michache iliyotengwa na mingine. Je, Luka hakuwa tabibu? Je, Paulo hakumshauri Timotheo juu ya tumbo lake? Hapa kambini tumeona mtoto mwenye malaria akizuiliwa kwenda zahanati kwa ajili ya mstari mmoja. Nasi wachungaji tulichelewa kusema. Tunatubu mbele yenu.

Wazazi, ombeni, kisha mpelekeni mtoto zahanati siku ile ile. Yote mawili ni utii.

Bwana awabariki.