Tang Feifan: Tabibu Aliyejitia Vikope

Vikope ni maradhi ya macho ambayo hupinda kope zikaelekea ndani, zikawa zinakwaruza mboni hadi mgonjwa akapofuka. Kwa miongo mingi wataalamu walibishana kuhusu kisababishi chake. Aliyekata mzizi huo wa fitina ni Tang Feifan, Mchina aliyezaliwa mwaka 1897 mkoani Hunan.

Tang alisomea utabibu mjini Changsha, kisha akaenda kutafiti katika Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani. Katika miaka ya 1950, akiwa Beijing, yeye na wenzake waliotesha vimelea vya vikope ndani ya mayai ya kuku, wakitumia streptomisini kuua bakteria wengine. Matokeo yalichapishwa mwaka 1957.

Hata hivyo, ushahidi wa yai haukumtosheleza. Alijitia vimelea hivyo jichoni, akaugua, akajinyima dawa kwa wiki kadhaa ili dalili zichunguzwe. Vimelea vilevile vikapatikana tena jichoni mwake.

Mnamo Septemba 1958, baada ya kushutumiwa hadharani katika kampeni za kisiasa, Tang alijitoa uhai. Leo vikope hutibiwa kwa viuavijasumu, na nchini kwake si tishio tena kwa afya ya umma.