Dakta Cicely Williams na Mtoto Aliyeachishwa Ziwa

Miongoni mwa madaktari waliolitumikia bara la Afrika katika karne iliyopita, wachache wamewafaa watoto wetu kama Dakta Cicely Delphine Williams. Alizaliwa mwaka 1893 katika kisiwa cha Jamaika, akasomea Chuo Kikuu cha Oxford, Uingereza, na kufuzu udaktari mwaka 1923. Mwaka 1929 aliingia katika utumishi wa tiba wa makoloni akapelekwa Gold Coast, ambayo leo ni Ghana. Kwa kuwa alikuwa mwanamke, alilipwa mshahara mdogo kuliko wanaume waliofanya kazi ile ile.

Mjini Accra aliletewa watoto wenye umri wa kati ya mwaka 1 na 4 ambao mikono na miguu yao imevimba, nywele zimepauka na ngozi inabambuka. Wengi walikufa. Chakula chao kilikuwa uji wa mahindi, na kisichozidi hapo. Dakta Williams hakuona haya kuwauliza wanawake wa Kiga, nao wakamtajia jina la maradhi hayo: kwashiorkor, yaani maradhi yampatayo mtoto aliyeondolewa katika ziwa la mama kwa sababu mdogo wake amekuja. Waswahili wa pwani humwita mtoto adhoofikaye kwa namna hiyo kuwa amebemendwa, na lawama huwaangukia wazazi. Daktari huyu hakutafuta wa kulaumiwa. Alitazama kilichokuwa ndani ya bakuli.

Alichapisha aliyoyaona mwaka 1933. Wataalamu wa London wakashikilia kwamba hayo ni pelagra, ugonjwa uliokuwa ukijulikana tangu zamani. Yeye hakurudi nyuma. Mwaka 1935 aliandika tena, safari hii akitumia jina alilofundishwa na akina mama wa Kiga. Mwaka uliofuata, baada ya kutoelewana na wakubwa wake, alihamishiwa Malaya.

Huko nako hakunyamaza. Mwaka 1939, mbele ya wenyeji mashuhuri wa Singapore, alisema waziwazi kwamba kuwashawishi akina mama kuacha kunyonyesha na kutumia maziwa matamu ya kopo ni sawa na kuua watoto.

Singapore ilipoanguka mikononi mwa Wajapani mwaka 1942, alifungwa katika gereza la Changi, ambako aliwahi kuwa kiongozi wa kambi ya wanawake. Baadaye polisi wa jeshi la Japani walimchukua, wakamweka kwa miezi kadhaa katika chumba chembamba na kumhoji, wakimshuku ujasusi. Alitoka akiwa hai, ingawa njaa na beriberi vilikuwa vimemdhoofisha. Alisimulia baadaye kwamba watoto 20 walizaliwa kifungoni, wote wakanyonyeshwa na mama zao, na wote wakaishi.

Mwaka 1948 alikabidhiwa idara ya mama na mtoto katika Shirika la Afya Duniani. Kufikia hapo ubishi ulikuwa unakwisha. Hapa Uganda, katika Hospitali ya Mulago, Dakta Hugh Trowell na wenzake walikuwa wakiyachunguza maradhi hayo hayo, na mwaka 1954 walitoa kitabu kizima juu yake.

Lakini kuyatambua maradhi ni jambo moja, na kuwahesabu wagonjwa ni jingine. Mtoto wa kwashiorkor amejaa maji, na maji yana uzito. Mizani peke yake yaweza kumpitisha kuwa mzima, kama mlinzi wa lango ampitishaye mtu kwa kuiona sare tu. Ndiyo maana mwaka 1970 wataalamu walipatana kutazama uzito na uvimbe kwa pamoja, wakampa jina lake mtoto mwenye balaa zote mbili, aliyekonda na kuvimba. Muda si mrefu Dakta John Waterlow akatenganisha ukondefu, ambao ni njaa ya karibuni, na kudumaa, ambako ni njaa ya siku nyingi.

Balaa hizi hukutana katika mwili mmoja. Mtoto aweza kuwa mfupi na mkondefu kwa wakati mmoja. Mwingine ni mfupi, lakini uzito wake haumtii mtu wasiwasi. Anayehesabu wenye uzito pungufu pekee humwacha huyo wa pili nje ya daftari. Mwaka 2000 mchumi Peter Svedberg wa Sweden alipendekeza kila mtoto mwenye kasoro yoyote katika hizo ahesabiwe, na ahesabiwe mara moja tu.

Dakta Williams alifariki mwaka 1992 akiwa na umri wa miaka 98. Somo lake latuhusu sisi tuishio kambini, ambao mara nyingi tuko kazini mbali na watoto wetu. Umpelekapo mtoto kliniki, usiridhike na mizani. Omba apimwe urefu, na mkono wa juu uzungushiwe utepe: kwa mtoto wa miezi 6 hadi 59, chini ya milimita 115 ni hatari kubwa. Kisha bonyeza miguu yake kwa kidole gumba. Shimo likibaki katika miguu yote miwili, mwahi hospitali siku hiyo hiyo, hata kama mizani inamsifu.