Habari za Kinjikitile wa Ngarambe

Msafiri aendaye Kilwa kwa nchi kavu, akiisha kuvuka mto Rufiji, hupita Nyamwage, wala haoni kitu cha kumstaajabisha. Lakini upande wa magharibi, kuelekea vilima vya Umatumbi, kuko Ngarambe, na upande wa mashariki kuko Muhoro. Katika mahali hapo pawili mtu mmoja alipata sifa yake na mauti yake. Twapenda kuwasimulia wasomaji wetu maisha yake, maana wengi wamelisikia jina lake tu, hawa wakimwita mhalifu, hawa wakimwita shujaa.

Kinjikitile Ngwale alikaa Ngarambe. Wazee husimulia kwamba mwaka 1904 alishikwa na pepo aitwaye Hongo, akatambaa kwa tumbo mpaka kwenye maji, akazama mbele ya jamaa zake. Wakamtafuta wasimwone. Siku ya pili akatoka, na nguo zake kavu. Sisi hatukuwapo, twaandika kama yalivyopokewa.

Zamani zile watu walikuwa na uchungu mwingi. Serikali ya Wadachi ilitoza kodi ya rupia 3, na tangu mwaka 1902 ililazimisha watu kulima mashamba ya pamba chini ya majumbe na maakida. Aliyechelewa alipigwa kiboko, na shamba lake mwenyewe likaota magugu. Basi Kinjikitile alipojenga nyumba kubwa, akawapa watu maji yaliyochanganywa na mtama, akisema kwamba risasi za Wadachi zitageuka maji, walimjia makundi kwa makundi kutoka Umatumbi, Ungindo na Rufiji. Habari zilienea kwa kunong'onezana, hata maakida wasijue maana yake. Tena alifundisha kwamba watu weusi wote ni wamoja, neno lililokuwa geni kwa makabila yaliyozoea kuogopana.

Aliwaagiza wangoje mpaka atoe amri. Wamatumbi hawakuweza kungoja. Mwishoni mwa Julai 1905 waling'oa pamba huko Nandete, na vita vikaanza. Kinjikitile alikamatwa, akapelekwa Muhoro, akahukumiwa kuwa mhaini na mchawi, akanyongwa tarehe 4 Agosti 1905 pamoja na msaidizi wake. Wazee husimulia kwamba alipokuwa akifa aliwaambia Wadachi kuwa wamechelewa, maana dawa yake imekwisha kufika mbali.

Je, alikuwa mhalifu? Kwa habari ya maji hatuwezi kumtetea. Mahenge, tarehe 30 Agosti 1905, watu walioamini dawa ile waliendea bunduki za bombom wakiwa wima, wakaanguka kama majani mbele ya mundu. Kama yeye mwenyewe aliamini au la, Mungu ajua. Damu nyingine nayo ilimwagika kwa ajili ya vita hivi: Askofu Cassian Spiss wa Wakatoliki aliuawa karibu na Liwale mwezi ule wa Agosti, pamoja na mabruda wawili na masista wawili, watu wasiochukua silaha, na misheni yetu ya Yakobi katika Ubena ilishambuliwa. Hayo hatuwezi kuyafunika kwa sababu ya pamba.

Lakini kumnyonga hakukuzima moto. Nduguye, Njugumaina, alishika kazi yake akajiita Nyamguni, na maji yakaendelea kugawanywa. Ndipo Wadachi walipotumia njaa kuwa silaha: walichoma vijiji na ghala, wakaharibu mazao mashambani, hata mwaka 1907. Hesabu ya serikali yenyewe ilikuwa watu 75,000 waliokufa. Wataalamu wa baadaye hutaja mpaka 300,000, na wengi wao hawakuuawa kwa risasi bali kwa kukosa chakula, wanawake na watoto.

Kwa ajili ya ghala hizo hakuna aliyepandishwa kitanzini Muhoro. Gavana von Götzen alirudi kwao mwaka 1906, akatunga kitabu juu ya vita hivyo, kikapigwa chapa mwaka 1909.