Kamal al-Din al-Farisi na namba mbili zinazopendana



Sisi tunaosoma hesabu hapa Bujumbura tunalijua vizuri jina la Fermat. Leo nawaletea aliyemtangulia kwa zaidi ya miaka 300.

Kamal al-Din al-Farisi aliishi Tabriz, Uajemi, zama za utawala wa Wamongolia, akafariki mwaka 1319 hivi. Alisoma kwa Qutb al-Din al-Shirazi, naye Qutb al-Din alisoma kwa Nasir al-Din al-Tusi. Wengi wanamjua kwa upinde wa mvua. Alijaza maji katika tufe la kioo, akalifanya kama tone kubwa la mvua, akaeleza jinsi mwale unavyopinda ukiingia, unavyoakisiwa ndani na unavyopinda tena ukitoka.

Mimi napenda zaidi kazi yake ya namba. Tangu kale watu walizijua 220 na 284. Jumlisha namba zote zinazoigawa 220 bila baki, ukiiacha yenyewe, utapata 284. Fanya hivyo kwa 284, utarudi 220. Zikaitwa namba zinazopendana. Karne ya 9, Thabit ibn Qurra wa Baghdad alitoa kanuni ya kutafuta jozi nyingine. (Huyu alikuwa Msabii wa Harran. Tusimsilimishe kaburini ili tupate sifa.)

Kanuni hiyo inataka namba tatu, zote ziwe tasa. Hatua inayofuata baada ya 220 inakwama, kwa sababu mojawapo ni 287, nayo ni 7 × 41. Farisi alisonga hatua moja zaidi, akakuta 23, 47 na 1151. Zote tasa. Basi 16 × 23 × 47 ni 17296, na 16 × 1151 ni 18416.

Usiniamini mimi, chukua kalamu. Zinazoigawa 18416 ni 1, 2, 4, 8, 16, 1151, 2302, 4604 na 9208. Jumla yake ni 17296. Upande wa pili una namba 19. Tulizijumlisha Buyenzi baada ya Isha, watu watatu na daftari moja, na 18416 ikatoka. Fermat aliipata jozi hii upya mwaka 1636, nayo ikaitwa yake kwa muda mrefu.

Wapo waliozitia 220 na 284 katika hirizi za mapenzi. Ibn Khaldun amewataja. Farisi hakushughulika na hirizi. Alitaka uthibitisho mpya wa kanuni ya Thabit, na ili aupate ilimbidi kwanza achunguze namna namba inavyovunjika kuwa namba tasa, kisha ahesabu vigawo vyake vyote. Kwangu, kazi hiyo ina thamani kuliko jozi yenyewe.

Katika kanuni ileile, hatua mbili zinazofuata zinakwama tena. Jozi iliyofuata, 9363584 na 9437056, aliipata Mwajemi mwingine, Muhammad Baqir Yazdi, karne ya 17. Mwenye daftari nene aanze na 128, halafu 191, 383 na 73727.