Kitereza: Alikubali ushauri, akaifanya upya kazi yake

WASUKAJI wa mikeka na vikapu wa Bukoba na Muleba wanajua uchungu wa kuambiwa na rafiki aliye fundi kwamba kazi iliyowachukua majuma mengi ina kasoro. Wapo wanaonuna, na wapo wanaoacha kazi kabisa. Maisha ya mwandishi Aniceti Kitereza yanaonyesha njia nyingine.

Kitereza alizaliwa Ukerewe mwaka 1896, mjukuu wa Omukama Machunda. Mwaka 1909 alivuka ziwa kwenda Seminari ya Rubya, ambayo leo iko wilayani Muleba, akasoma huko miaka 10. Hakuwa padri. Baada ya masomo aliajiriwa na kampuni ya biashara ya Waitaliano mjini Mwanza, hivyo mambo ya bidhaa na mteja hayakuwa mageni kwake.

Aliporudi Ukerewe alianza kuandika kwa Kikerewe, akitiwa moyo na rafiki yake, Padri Almas Simard. Ilikuwa hadithi ya Myombekere na mkewe Bugonoka, wanaohangaika kupata mtoto. Kitereza aliyajua machungu hayo: yeye na mkewe Anna walizika watoto wao wote wangali wadogo. Ndani ya hadithi aliweka kilimo, uvuvi, pombe ya ndizi, dawa za mitishamba na taratibu za ndoa. Aliikamilisha Februari 1945.

Soko likakataa. Hakuna mchapishaji aliyekuwa tayari kuingia gharama kwa lugha yenye wasomaji wachache. Padri Simard alianza kuitafsiri kwa Kifaransa, lakini alifariki kabla ya kumaliza. Kazi ikalala zaidi ya miaka 20.

Mwishoni mwa miaka ya 1960 walifika Ukerewe watafiti kutoka Marekani, Gerald na Charlotte Hartwig. Wakiwa marafiki walioithamini kazi hiyo, walimshauri aiandike kwa Kiswahili. Ushauri huo ulimtaka mzee wa miaka zaidi ya 70, mwenye maradhi, arudie kazi nzima. Kitereza alikubali, akaitafsiri mwenyewe.

Tanzania Publishing House ilikichapa kitabu mwaka 1980. Kitereza alifariki mwaka 1981 kabla nakala hazijamfikia. Baadaye kilitafsiriwa kwa Kijerumani, na mwaka 2002 Gabriel Ruhumbika, mwenzake wa Ukerewe, alikitoa kwa Kiingereza.

Kwa msusi au mfinyanzi, funzo liko wazi. Kitereza alitenganisha kilichokuwa kizuri na kilichokuwa kinazuia mauzo: Myombekere na Bugonoka walibaki, lugha ikabadilika. Rafiki fundi akisema kikapu hakifai, aulizwe ni kitako, ni rangi au ni ukubwa. Kasoro irekebishwe na ususi mzuri ubaki. Tena irekebishwe mapema, kwani Kitereza alisubiri miaka 35 na hakukishika kitabu chake mkononi.