Padri Carnoy na Siri ya Mzizi

Weka kitunguu juu ya kikombe cha maji, maji yakiguse chini tu. Baada ya siku chache utaona mizizi myeupe, nayo hurefuka kila siku. Je, yarefukaje?

Mimea, wanyama na watu, miili yao imejengwa kwa vyumba vidogo sana viitwavyo seli, kama nyumba ijengwavyo kwa matofali. Lakini tofali halizai tofali. Seli hugawanyika: moja huwa mbili, mbili huwa nne. Haba na haba hujaza kibaba. Ndivyo mzizi ukuavyo.

Mmoja wa wale waliochunguza jambo hilo alikuwa padri, jina lake Jean-Baptiste Carnoy. Alizaliwa mwaka 1836 katika kijiji cha Rumillies, nchi ya Ubelgiji. Alipokwisha kupata upadri alisoma elimu ya viumbe huko Leuven. Hakuridhika. Akaenda Ujerumani kujifunza kwa walimu hodari. Mwaka 1876 akawa mwalimu katika chuo kikuu cha Leuven. Mwaka 1884 alitoa kitabu kikubwa juu ya seli.

Siku zile wataalamu walibishana sana. Mmoja aliona hivi, mwingine vile. Carnoy mwenyewe alibishana vikali na mtaalamu mwenzake wa Liège, Edouard van Beneden, juu ya seli za mnyoo wa farasi. Kumbe, mara nyingi macho hayakukosa. Kitu chenyewe kilikuwa kimekwisha kuharibika. Wavuvi wa Wagenia wajua kwamba samaki asipokaushwa upesi huoza. Kadhalika seli ikikatwa mmeani hufa polepole na kunyauka, wala haionyeshi tena umbo lake la kweli.

Carnoy akatafuta dawa ya kuisimamisha seli mara moja, ibaki vile ilivyokuwa. Alichanganya sehemu 3 za alkoli na sehemu 1 ya asidi ya siki. Tena akatengeneza dawa ya pili: alkoli sehemu 6, klorofomu sehemu 3, asidi ya siki sehemu 1. Dawa hizo huitwa kwa jina lake mpaka leo.

Mtaalamu hukata ncha ya mzizi, akaitia katika dawa hiyo. Kisha huilainisha, huipaka rangi, huibonyeza chini ya kioo chembamba, akaitazama kwa hadubini. Ndani ya seli inayogawanyika huona vijiti vidogo viitwavyo kromosomu. Kitunguu kina 16, na kila seli mpya hupokea 16 zake. Mtaalamu huhesabu. Tuseme katika seli 1,000 aona 90 zinagawanyika. Basi ajua kwamba katika kila seli 100, 9 zilikuwa kazini.

Padri Carnoy alifariki mwaka 1899 huko Uswisi. Mwanafunzi wake Victor Grégoire, naye padri, aliendelea na kazi, akichunguza seli za mayungiyungi.

Kazi hiyo yatuhusu hata sisi wa Kisangani. Mtoni chini, Yangambi, mashamba ya uchunguzi wa kilimo yalianzishwa mwaka 1933. Wataalamu wa kilimo huhesabu kromosomu za migomba. Migomba ya porini yenye mbegu ina 22. Makemba tunayokula yana 33, yaani mafungu matatu ya 11. Mafungu matatu hayawezi kugawanyika sawasawa wawili wawili. Kwa hiyo makemba hayana mbegu. Ndiyo maana mama zenu hupanda machipukizi.

Watoto, Padri Carnoy alipenda kweli. Alijua kwamba kazi ya Mungu iliyo ndogo kabisa yastahili kutazamwa bila haraka. Nanyi, kabla ya kubishana na mwenzenu, tazameni kwanza kama kitu mnachokitazama hakijaharibika.

Maswali: Kwa nini seli huharibika upesi? Dawa ya kwanza ya Carnoy ilikuwa na nini? Kwa nini makemba hayana mbegu?