MAISHA YA BWANA ALIBHAI MULLA JEEVANJEE, ALIYEWAPA WATU WA NAIROBI BUSTANI



Kabla ya kusoma majina ya wenye maduka, wenye magari na watu wengine waliokisaidia Chama chetu mwaka huu, tumeona yafaa tueleze maisha ya mtu mmoja wa zamani aliyetoa mali yake kwa manufaa ya wote. Twafanya hivyo kwa sababu mbili. Kwanza, ni haki ya marehemu kukumbukwa kwa wema alioutenda. Pili, sisi tulio hai twapaswa kujifunza jinsi ya kutoa, na zaidi ya hapo, jinsi ya kuitunza zawadi iliyokwisha kutolewa. Kutoa ni kazi ya siku moja. Kutunza ni kazi ya vizazi.

Mtu tuliyemchagua ni Bwana Alibhai Mulla Jeevanjee. Jina lake latajwa kila siku mjini Nairobi na watu wanaopatana mahali pa kukutana, au wanaotafuta kivuli wakati wa mchana. Bali wengi walitajao hawajui kwamba ni jina la mtu aliyeishi, akafanya kazi, akapata mali, akagombana na wakubwa wa zamani zake, kisha akafa. Basi na tumweleze mtu huyo.

Alizaliwa mwaka wa 1856 katika mji wa bandari wa Karachi, ambao wakati huo ulikuwa chini ya utawala wa Waingereza wa Uhindi, na leo umo katika nchi ya Pakistan. Watu wake walikuwa Waislamu wa jamaa ya Mabohora, watu wanaojulikana sana kwa biashara katika pwani zote za Bahari ya Hindi. Tangu ujana wake hakuridhika kukaa mahali pamoja. Alisafiri katika Uhindi, akafika hata Australia kutafuta biashara. Mwaka wa 1890 alifungua biashara yake Mombasa, akawa mtu wa kandarasi, kwanza akiihudumia kampuni ya Kiingereza iliyokuwa ikiitawala nchi hii kabla Serikali yenyewe haijashika madaraka.

Bahati yake kubwa ililetwa na reli. Ujenzi wa reli ya kutoka Mombasa hadi Ziwa la Nyanza ulianza mwaka wa 1896. Njia ilifika Nairobi mwaka wa 1899, na mwisho wa mwaka wa 1901 ikafika Kisumu. Kazi hiyo ilihitaji watu wengi, chakula kingi, na vyombo vya kila namna. Bwana Jeevanjee alikuwa mmoja wa wale waliopewa kandarasi ya kuleta wafanyakazi kutoka Uhindi, kuwapatia mahitaji yao, na kujenga majengo ya reli na ya Serikali.

Hapa hatupendi kuficha neno. Katika kazi ile waliletwa Wahindi wapatao 32,000, na wapatao 2,500 kati yao walikufa kwa maradhi, kwa ajali, na wengine kwa kuliwa na simba wa Tsavo. Tena wako Waafrika waliopasua njia, waliobeba mizigo, na ambao nchi yao ilikatwa katikati pasipo kuulizwa. Mali ya Bwana Jeevanjee ilitoka katika kazi hiyo. Mtu akitoa sadaka, ni vema tujue mali yake imetoka wapi, si kwa kumdharau, ila tupate kuwakumbuka pia wale ambao jasho lao limo ndani ya sadaka hiyo na majina yao hayakuandikwa popote.

Reli ilipofika Nairobi hapakuwa na mji. Palikuwa na uwanda wa kinamasi, na maji baridi ambayo Wamaasai waliyatumia kunyweshea ng'ombe wao. Watu wa reli walipiga mahema, kisha wakajenga nyumba za mabati. Mvua ikinyesha palikuwa matope, jua likiwaka palikuwa vumbi. Wahindi wenye maduka walibanana katika barabara moja, na mwaka wa 1902, ugonjwa wa tauni ulipotokea, wakubwa wa afya waliamuru mtaa huo uchomwe moto. Katika mji wa namna hiyo Bwana Jeevanjee alijenga majumba na maduka, na soko lililokuwa likijulikana kwa jina lake. Hata ikawa mtu akitembea katikati ya mji, ni shida kwenda mbali asione jengo lililojengwa naye.

Mwaka wa 1902 alianzisha pia gazeti la kila juma huko Mombasa, lililoitwa African Standard. Mwaka wa 1905 aliliuza kwa Wazungu, nao wakaligeuza jina kuwa East African Standard. Mwaka wa 1910 makao yake yakahamishiwa Nairobi. Gazeti hilo, ambalo baadaye lilikuja kuitwa The Standard, ndilo lenye umri mkubwa kuliko magazeti yote ya Kenya. Baada ya kuliuza, mara nyingi gazeti lile lilisema maneno ya walowezi dhidi ya Wahindi. Basi mwanzilishi wake aliishi kusoma lawama juu ya watu wake katika karatasi aliyoianzisha yeye mwenyewe.

Sasa twafika kwenye jambo lililotufanya tumchague. Mwaka wa 1906 Bwana Jeevanjee aliwapa watu wa Nairobi bustani, eneo la eka 5 hivi katikati ya mji, iwe mahali pa kupumzikia. Aliitengeneza kwa fedha zake, akaweka ndani yake sanamu ya Malkia Victoria wa Uingereza, iliyofunuliwa mwaka huo huo na mwana wa Malkia, Mtawala wa Connaught. Leo tungeweza kushangaa kwa nini mtu aliyedharauliwa na watawala aliweka sanamu ya malkia wao. Kwa maoni yetu, alitumaini kwamba raia mwaminifu wa Malkia, mwenye kulipa kodi na kuujenga mji, angehesabiwa sawa na raia wengine.

Tumaini hilo halikutimia. Katika miaka ile ile Serikali ilikuwa ikiitenga nchi ya milimani, yaani ardhi nzuri ya baridi waliyonyang'anywa wenyeji, iwe ya Wazungu peke yao. Mtu aliyewapa watu wote eka 5 katikati ya mji mkuu hakuruhusiwa kupewa shamba huko milimani, kwa sababu ya rangi yake. Kufikia mwaka wa 1910 alikuwa ameteuliwa kuingia katika Baraza la Kutunga Sheria, naye alikuwa mtu wa kwanza asiye Mzungu kukaa humo. Lakini alikuwa peke yake katikati ya watu wasiotaka kumsikia. Mwafrika wa kwanza, Bwana Eliud Mathu, hakuingia katika Baraza hilo mpaka mwaka wa 1944.

Mwaka wa 1910 Bwana Jeevanjee alikwenda London kuwashitaki walowezi mbele ya watu wa Uingereza. Na hapa pia yatupasa kusema kweli yote. Katika hoja zake za wakati ule alipendekeza kwamba nchi hii iwekwe chini ya Serikali ya Uhindi. Hakuwauliza Waafrika, ambao ndio wenyeji. Kama angekubaliwa, babu zetu wangalibadilishiwa bwana tu, wasipate uhuru. Alipigania haki, lakini haki aliyoiona kwanza ilikuwa ya watu wake. Hatumlaumu kuliko watu wengine wa siku zake, wala hatumtakasi. Binadamu aweza kuwa na jicho kali la kuona dhuluma anayotendewa, na asione ile inayotendwa kwa jirani yake.

Mwezi wa Machi mwaka wa 1914, Wahindi wa nchi hizi walipofanya mkutano wao mkuu wa kwanza huko Mombasa, yeye ndiye aliyekuwa mwenye kiti. Mwaka wa 1923 alikuwa miongoni mwa wajumbe waliotumwa London katika ugomvi mkubwa baina ya Wahindi na walowezi. Mwisho wake Serikali ya Uingereza ilitangaza kwamba katika Kenya maslahi ya Waafrika ndiyo yatakayotangulia. Tangazo hilo lilikaa miaka mingi bila ya kutimizwa, na Mwafrika aliendelea kutembea na kipande shingoni. Hata hivyo liliwazuia walowezi wasijipatie serikali yao wenyewe, na baadaye watu wetu walilishika tangazo hilo kama mtu ashikaye hati ya deni.

Katika uzee wake utajiri wa Bwana Jeevanjee haukuwa tena kama ule wa mwanzo. Majumba yaliuzwa, biashara zikapungua. Alifariki mwaka wa 1936, akiwa na umri wa miaka 80. Gazeti lilikwisha kuwa la watu wengine, na kandarasi za reli zilikwisha zamani. Katika yote aliyoyapata, lililobaki na jina lake mbele ya macho ya watu ni lile alilolitoa. Wazee wetu walisema kutoa ni moyo, si utajiri. Nasi twaweza kuongeza kwamba utajiri hupita, na kilichotolewa kwa moyo hubaki.

Lakini hakibaki chenyewe. Mwaka wa 1991 wakubwa waliokuwa wakiuendesha mji wa Nairobi walitoa mpango wa kujenga jengo la ghorofa la kuegesha magari mahali pa bustani hiyo. Wakati huo nchi ilikuwa chini ya chama kimoja, na kusema neno dhidi ya mpango wa wakubwa kulihitaji ujasiri. Miaka 2 tu nyuma yake, mwaka wa 1989, Profesa Wangari Maathai alikuwa ametukanwa hadharani kwa kupinga jengo la ghorofa 60 katika Uhuru Park, na jengo lile halikujengwa. Safari hii aliyesimama mbele alikuwa Bi. Zarina Patel, mjukuu wa Bwana Jeevanjee. Hakuomba bustani irudishwe kwa jamaa yake. Alidai iachwe mikononi mwa wale waliopewa, yaani watu wote. Profesa Maathai na wakazi wengi wa mji walimwunga mkono, na mpango ule ukaachwa. Baadaye, mwaka wa 1997, Bi. Patel alitoa kitabu cha maisha ya babu yake.

Basi bustani ikabaki, baina ya Moi Avenue na Muindi Mbingu Street. Ilibaki kuwa mahali ambapo asiye na fedha ya kuingia hotelini aweza kukaa bila kuulizwa anataka nini. Humo wahubiri walihubiri, watafuta kazi wakasoma magazeti, na kwa miaka mingi watu wa kawaida wakakusanyika kujadili mambo ya nchi katika mkutano walioupa jina la Bunge la Mwananchi. Sanamu ya Malkia iliharibiwa mwaka wa 2015. Aliyeitoa bustani alisimamisha sanamu ya mtawala, lakini wakati umeonyesha kwamba wenye bustani ni wale wanaokaa katika mabenchi yake.

Ndugu wanachama, tumejifunza nini kwa maisha haya? Kwanza, tumshukuru mtoaji bila kumfanya malaika. Mwenye duka atupaye sukari na unga wakati wa msiba hana haja ya kuwa mtu asiye na kosa ndipo tumwambie ahsante. Tena shukrani yetu isitufunge kinywa siku atakapokosea.

Pili, zawadi ya watu wote yataka maandishi. Mtu akitupa kiwanja, mashine ya kushonea, au fedha za ada za watoto, na iandikwe ni nani aliyetoa, imetolewa kwa kazi gani, na ni akina nani waliokabidhiwa kuitunza. Neno la mdomo hufa pamoja na waliolisikia. Kiwanja kisicho na hati ni chambo cha mwenye nguvu.

Tatu, na hili ndilo kubwa, kila zawadi yahitaji walinzi. Bwana Jeevanjee alikuwa amelala kaburini miaka 55 bustani yake ilipotaka kuchukuliwa, hakuweza kuitetea. Waliosema hapana walikuwa watu walio hai, na wengi wao hawakuwa jamaa zake wala wa dini yake. Tukiona kitu cha wote kinamegwa, tukanyamaza kwa kuwa si cha baba zetu, tutakuwa tumemkosea aliyetoa na aliyepewa pia.

Yafuatayo ni majina ya wafadhili wetu wa mwaka huu, pamoja na walichotoa na kazi kilichofanya. Twaomba kila mwanachama ayasome hadi mwisho, na akiona zawadi iliyotajwa haipo mahali pake, aje ofisini atuulize. Kuuliza huko nako ni huduma kwa Chama, nasi tutampokea kwa heshima.